Haijafa, Imekatikia Njiani

Neno "imekufa" tunalitumia ovyo sana hapa chuoni. Laptopu ikikataa kuwaka, imekufa. Ikiwaka ikaishia kwenye kioo cheusi chenye maandishi meupe, imekufa. Ikiandika kwamba haioni diski ya kuanzia, imekufa, na mwenye nayo anaanza kuhesabu siku zilizobaki bumu litoke. Hakuna anayeuliza imekufa kwa ugonjwa gani. Msiba unatangazwa hapohapo, na mara nyingi mazishi yanafanyika kwa fundi wa kwanza atakayepatikana.

Nataka nilipinge neno hilo, hasa kwa kompyuta za zamani ambazo watu wanajaribu kuziwekea Linux. Na wakati wa kulipinga ni sasa. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walisitisha huduma ya kawaida ya bure kwa Windows 10. Windows 11 nayo inachagua mashine: inataka kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inakubali rasmi prosesa za kizazi cha nane kuendelea, ukiacha chache sana. Sasa angalia laptopu zilizopo mabwenini kwetu. Nyingi zimenunuliwa zikiwa zimeshatumika, na nyingi ni za kabla ya kizazi hicho. Kwa hiyo ushauri unaosikika kila kona ni mmoja: kama huna hela ya kununua mpya, weka Linux.

Ushauri ni mzuri. Tatizo ni kwamba wengi wanaoufuata wanakwama mlangoni. Hawashindwi kutumia Linux, kwa sababu hata hawajafika ndani. Wanaiweka vizuri, inaandika kwamba kazi imekamilika, wanachomoa flashi, wanawasha upya, kisha kimya. Kinachokuwa kimegoma hapo mara nyingi ni programu ndogo sana ya kuuamsha mfumo, ambayo mafundi wanaiita butiloda. Mtu anarudi kwa wenzake anasema Linux haifai kwa mashine za zamani, na wenzake wanaamini.

Hoja yangu ni kwamba tatizo hilo linasomeka. Lina mpangilio wake, na mashine yenyewe karibu kila mara inakwambia imekatikia wapi. Na nadhani sisi wa elimu ndio tunaopaswa kulijua kuliko wengine, kwa sababu tutapelekwa kwenye shule ambazo hakuna mwingine atakayelijua.

Mbio za kupokezana vijiti

Tuanze na kinachotokea ukibonyeza kitufe cha kuwashia. Kompyuta ikipata umeme haijui Linux wala Windows. Haijui hata kama ina diski. Kinachoamka kwanza ni programu iliyohifadhiwa kwenye mazabodi yenyewe. Kwenye mashine za zamani inaitwa BIOS, na kwenye PC asili yake ni kompyuta ya IBM ya mwaka 1981. Kwenye mashine za baadaye inaitwa UEFI. Kazi yake ni kukagua memori, kibodi na diski, kisha kumtafuta wa kumpokeza kijiti.

BIOS inatafuta kwa namna ya kizamani kabisa. Inasoma sekta ya kwanza ya diski, yenye baiti 512 tu. Ndani ya hizo, baiti 446 ndizo zimeachiwa programu ya kuamsha mfumo. Nyingine 64 zinaeleza diski imegawanywa vipi, na mbili za mwisho ni alama ya kuonyesha kwamba sekta hii ni ya kuwashia. Baiti 446 ukizigeuza kuwa herufi hazifiki meseji tatu za kawaida za herufi 160. Huwezi kuweka akili nyingi mahali padogo hivyo. Kwa hiyo GRUB, butiloda inayotumika kwenye matoleo mengi ya Linux, inajigawa. Kipande cha kwanza kinakaa kwenye zile baiti 446 na kinajua jambo moja tu: kipande cha pili kiko wapi. Cha pili, ambacho mara nyingi kimejibanza kwenye upenyo ulio kabla ya mgawanyo wa kwanza wa diski, kinajua kusoma mafaili, na kinakwenda kutafuta folda ya /boot/grub. Humo ndimo mnamotoka ile menyu ya kuchagua mfumo. Menyu inaita kiini cha Linux, na kiini ndicho kinachoamsha vilivyobaki.

UEFI inakwenda kwa njia nyingine. Inatafuta faili halisi kwenye kipande kidogo cha diski kilichoandaliwa kwa muundo wa FAT, na anwani ya faili hilo inakumbukwa kwenye mazabodi.

Kwa vyovyote vile, ni mbio za kupokezana vijiti. Mkimbiaji wa tatu anaweza kuwa mzima wa afya, amesimama mahali pake anasubiri, lakini kama wa pili ameangusha kijiti, wa tatu hatakimbia. Ukiwa jukwaani utasema timu nzima haifai.

Waliotutangulia walilielewa hili vizuri. Kabla GRUB haijaenea kulikuwa na butiloda iliyoitwa LILO, ambayo uendelezaji wake ulisimama mwishoni mwa 2015. Ilikuwa na tabia moja nzuri: iliandika jina lake herufi moja baada ya nyingine kila ilipovuka hatua. Ikikwama kwenye "LI", fundi alijua kipande cha kwanza kimekipakia cha pili lakini cha pili kimeshindwa kuanza kazi. Ikifika "LILO" nzima, alijua imevuka salama. Herufi nne tu zilitosha kuonyesha mahali pa kutazama.

Vijiti vinaangukia wapi

Mahali pa kwanza ni kwenye mchanganyiko wa BIOS na UEFI. Mashine nyingi za miaka ya kati, tuseme kuanzia karibu 2011 hadi zaidi ya 2015, zinakubali namna zote mbili. Kwenye mpangilio wake utaona maneno "Legacy" na "UEFI". Mtu anaiwasha flashi kwa namna moja, anaweka Linux, halafu mashine inawaka kwa namna nyingine na haioni chochote. Kupima ni rahisi. Ukiwa ndani ya Linux ya kwenye flashi, kabla hujaiweka kwenye diski, fungua tamino uandike:

ls /sys/firmware/efi

Folda hiyo ikiwepo, umewaka kwa UEFI. Ikisema haipo, umewaka kwa BIOS. Chagua namna moja uende nayo mwanzo hadi mwisho. Na kama unatumia BIOS kwenye diski iliyogawanywa kwa mtindo mpya wa GPT, tenga kipande cha MB 1 kwa ajili ya GRUB, kwa sababu kwenye mtindo huo ule upenyo wa kujibanza haupo.

Mahali pa pili nimepaona mara nyingi kuliko pengine popote: GRUB imewekwa kwenye flashi badala ya diski. Dalili yake haijifichi. Flashi ikiwa imechomekwa, Linux inawaka. Ukiichomoa, haiwaki. Dawa ni kuiwasha flashi ikiwemo, kuingia kwenye Linux yako, kuandika lsblk ili uone diski yako inaitwaje, kisha, kwa mashine ya BIOS:

sudo grub-install /dev/sda
sudo update-grub

Hapo nimechukulia kwamba diski ni sda. Unaitaja diski nzima, bila ile namba ya mgawanyo inayofuata jina. Usiandike amri hiyo kabla ya kuangalia ukubwa wa diski kwenye lsblk, maana flashi nayo ina jina linalofanana na hilo.

Mahali pa tatu ndipo watu wanapoogopa zaidi: kioo cheusi chenye maneno "grub rescue>". Maana yake ni kwamba vipande viwili vya kwanza vya GRUB vimeamka, ila cha pili hakioni /boot/grub. Yaani mkimbiaji ana kijiti mkononi na hamwoni wa kumpokeza. Andika ls, itakuorodheshea migawanyo inayoiona, kwa mfano (hd0,msdos1). Ichungulie mmoja mmoja, kwa mfano ls (hd0,msdos1)/, hadi upate wenye folda ya boot. Kisha:

set root=(hd0,msdos1)
set prefix=(hd0,msdos1)/boot/grub
insmod normal
normal

Menyu ikirudi, ingia kwenye Linux, kisha rudia grub-install na update-grub ili tatizo liishe moja kwa moja. Amri hizo nne unaweza kuziandika nyuma ya kitambulisho chako cha chuo.

Mahali pa nne hapana uhusiano wowote na Linux. Kwenye mazabodi kuna betri bapa kama sarafu, ya aina ya CR2032 kwenye kompyuta nyingi za mezani, ambayo hata mafundi saa wanayo. Ikiisha, saa ya kompyuta inarudi mwaka wa nyuma sana na mipangilio inarudi ilivyotoka kiwandani. Kama Linux iliwekwa kwa namna ya Legacy na mpangilio wa kiwandani ni UEFI, siku betri inakufa Linux nayo "inakufa". Hata ukiirudisha, tovuti nyingi zitakataa kufunguka kwa sababu vyeti vyake vya usalama vinaonekana bado havijaanza kutumika. Mtu anaweza kuiweka Linux upya mara tatu kwa sababu ya betri.

Mahali pa tano ni umri wenyewe wa mashine. Prosesa ya biti 32 haiwezi kuendesha Linux ya biti 64, na itakuandikia hivyo kwenye kioo. Hapa chaguo linazidi kupungua: Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kiwekeo cha PC za biti 32, ila Debian 12 ya mwaka 2023 bado inacho. Kuna na visa vya ajabu, kama tableti za miaka ya 2013 na 2014 zenye prosesa ya biti 64 lakini UEFI ya biti 32. Hizo zinahitaji faili la kuwashia liitwalo bootia32.efi, na flashi isiyo nalo zinaipita kama hazijaiona. Kuna laptopu nyingine ambazo UEFI yake inapuuza anwani ya GRUB na kutafuta ile ya Windows tu. Kwa hizo, GRUB inawekwa kwenye anwani ya dharura ambayo UEFI imepangiwa kuitazama, EFI/BOOT/BOOTX64.EFI, na grub-install inaifanya kazi hiyo ukiiongezea neno --removable.

Sijamaliza orodha na sikusudii kuimaliza. Ninachotaka uone ni kwamba katika yote hayo hakuna hata moja ambapo kompyuta imekufa.

Gharama ya kutangaza msiba mapema

Kuna mtu atasema haya ni mambo ya watu wa kompyuta, yatawahusu wao. Ngoja nieleze yanavyotuhusu sisi wengine.

Dada mmoja wa mwaka wa tatu, tunayekaa naye jengo moja, alikuwa na laptopu yenye Windows, na ndugu yake alikuwa amemwekea Linux pembeni. Alipoona nafasi inakwisha, akaufuta ule mgawanyo wa Linux akiwa ndani ya Windows. Asubuhi laptopu ikaandika kwamba mgawanyo haupo, kisha "grub rescue>". Mpaka hapo, kila kitu chake kilikuwa salama. Windows ilikuwa nzima, na mafaili yalikuwa mahali pake. Kilichopotea ni /boot/grub tu, kwa kuwa ilikuwa inakaa upande wa Linux. Dawa yake ilikuwa kurudisha programu ya Windows ya kuwashia kwenye ile sekta ya kwanza, kazi ya dakika chache kwa mwenye flashi ya Windows.

Alipeleka kwa fundi. Fundi akatazama, akasema imekufa, inabidi kupiga chini Windows mpya. Akafomati diski nzima. Sura mbili za ripoti ya utafiti zikaondoka, pamoja na majedwali ya madodoso aliyokuwa ameyaingiza mwezi mzima. Karatasi za madodoso alikuwa nazo, kwa hiyo akaanza kuingiza upya, moja baada ya nyingine, wiki tatu kabla ya kukabidhi. Sura mbili ilibidi aziandike kutoka kichwani.

Simlaumu sana fundi yule. Analipwa kwa kufomati, na kufomati kweli kunaiwasha mashine. Ninachokilaumu ni neno. Ukishakubali kwamba kitu kimekufa, huoni tena haja ya kuuliza ndani yake kuna nini kizima. Yule dada angekuwa na swali moja tu la kumuuliza fundi, "Samahani fundi, diski yenyewe inasomeka?", ripoti yake ingekuwepo.

Na huko shuleni je?

Mwaka jana nilifanya mazoezi ya kufundisha kwenye shule moja ya kata. Ilikuwa na chumba cha kompyuta kilichofungwa kwa kufuli, na ndani kulikuwa na mashine tisa za mezani zilizofunikwa kwa vitambaa safi, vimefuliwa na kupigwa pasi. Mwalimu wa taaluma alituambia kwa upole, "Walimu wangu, hizo msijisumbue nazo, zimekufa zamani." Mimi na mwenzangu wa fizikia na hesabu tukamwomba Jumamosi mbili. Akatupa ufunguo.

Mashine mbili zilikuwa zimekufa kweli. Moja ilikuwa inanuka kuungua upande wa umeme, na nyingine diski yake ilikuwa inagonga. Saba zilizobaki hazikuwa na kitu kikubwa. Tatu zilikuwa na Linux tayari, zimewekwa na wageni waliopita miaka ya nyuma, na GRUB ya zote tatu ilikuwa imewekwa kwenye flashi ambayo wageni waliondoka nayo. Nyingine tatu betri zilikwisha na mipangilio ikarudi nyuma. Moja ilikuwa ya biti 32, na ilikuwa inaandika wazi kwenye kioo, kila ilipojaribiwa kwa flashi, kwamba haiwezi kuendesha mfumo wa biti 64. Ilikuwa inaandika kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo, na hakuna aliyekaa kusoma.

Sisemi tuliigeuza shule. Chumba kina soketi mbili na umeme unakatika. Ila wanafunzi wa kidato cha pili walianza kuingia kwa zamu, watatu kwa kila mashine, na somo ambalo lilikuwa linafundishwa kwa kuchora kibodi ubaoni likapata kibodi. Vitambaa vilivyofuliwa ndivyo vilivyonigusa. Walimu wale walikuwa wanazijali mashine zao. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaambia zilipokatikia.

Mtaala ulioboreshwa ulianza kutekelezwa mwaka 2024 na unatutaka tujenge umahiri. Vizuri. Ila umahiri wa kompyuta kwenye shule nyingi utajengwa juu ya mashine zilizochoka, zilizotolewa msaada au zilizohamishwa kutoka ofisini. Mwalimu asiyejua kutofautisha betri iliyoisha na diski iliyokufa atafundisha kwa kuchora.

Najua mtasema nini

Mtasema, "Sisi ni walimu, siyo mafundi." Sawa. Lakini hata mwalimu wa baiolojia anajua kusafisha lenzi ya hadubini, na hakuna anayemwita fundi. Ninachokisema hapa ni saa chache za kujifunza, siyo shahada nyingine.

Mtasema Linux haina Word. Ni kweli haina, ina LibreOffice, na mhadhiri anayetaka faili la Word atalipata, ingawa mpangilio wa kurasa wakati mwingine unayumba, hasa kwenye majedwali. Kama kazi yako inategemea programu ya takwimu inayokubali Windows tu, baki na Windows. Linux haijawa dini. Lakini kwa laptopu ambayo mbadala wake ni kukaa kabatini, kulinganisha ni kati ya mashine yenye upungufu na kutokuwa na mashine kabisa.

Mtasema kompyuta nyingine hazistahili kuokolewa. Nakubali, na hii ndiyo hoja nzito kuliko zote. Mashine yenye memori ya GB 1 itaiendesha Linux nyepesi, ila kurasa za siku hizi kwenye intaneti zitaipiga magoti. Mashine yenye kapasita zilizovimba iache. BIOS za zamani sana hazioni zaidi ya GB 137 za kwanza za diski, na kuizunguka shida hiyo lazima uitengee /boot kipande cha mwanzoni mwa diski. Mtu ana haki ya kusema muda wangu una thamani kuliko hiyo. Lakini uamuzi wa kuiacha ufanyike baada ya kupima. Tulichozoea ni kuamua kwanza, na kupima hatupimi kabisa.

Na hapa ndipo naona linatugusa kama walimu hata kabla ya kushika kompyuta. Tunafundishwa kwamba mtoto akishindwa hesabu za sehemu, usiseme ni kilaza. Rudi nyuma hatua moja. Je, kugawanya anajua? Anajua kuzidisha? Au ni kuhesabu tu ndiko kulikomshinda? Hiyo ndiyo kazi yote: kutafuta hatua ya mwisho aliyoivuka na ya kwanza iliyomshinda. Halafu tukitoka darasani tunaikuta mashine imesimama kwenye "grub rescue>", ikiwa imevuka hatua mbili na inatuomba ya tatu, tunasema imekufa. Anayeyakosea subira maandishi ya kwenye kioo sidhani kama atakuwa na subira na mtoto wa kidato cha kwanza anayenyamaza tu.

Ninachopendekeza

Chuo chetu hakianzi kutoka sifuri. Nchi hii ina historia na programu huria. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokuwa na mizizi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Wale walitafsiri menyu. Kazi iliyobaki kwetu ni kuyaeleza matatizo kwa Kiswahili, ili mwalimu wa taaluma kule kwenye shule ya kata aweze kuambiwa kwa simu, "Mwalimu, tazama saa ya kompyuta inasoma mwaka gani," na aelewe kwa nini anaulizwa.

Kwa serikali ya wanafunzi naomba meza moja, Jumamosi moja kila mwezi, pale nje ya maktaba. Vifaa ni bisibisi, betri chache za CR2032, na flashi tatu: moja ya Linux ya biti 64, moja ya Debian 12 ya biti 32, na moja ya Windows. Bajeti hiyo ni ndogo kuliko ya fulana za uchaguzi. Sharti la meza liwe moja: hakuna kufomati kabla mafaili ya mwenye mashine hayajanakiliwa. Linux ya kwenye flashi inaweza kufungua diski ambayo Windows yake haiwaki na kuyahamisha mafaili yake, almradi diski haijafungwa kwa nywila. Hilo peke yake lingeokoa ripoti za watu kila muhula.

Kwa kitivo chetu naomba kipindi kimoja kabla ya kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha. Kisiwe cha slaidi. Tuletewe mashine tano zilizoharibiwa kwa makusudi kila moja kivyake, tugawanywe vikundi, na kila kikundi kiandike kwenye karatasi hatua ya mwisho iliyofanya kazi kabla ya kuruhusiwa kugusa kitu.

Na kwa wewe unayesoma, kama kuna laptopu chini ya kitanda chako iliyotangaziwa msiba, itoe leo usiku. Iwashe. Soma kinachoandikwa mpaka neno la mwisho, kipige picha kwa simu, uandike pembeni tarehe na mwaka unaoonyeshwa na saa yake. Hizo taarifa mbili zinatosha kwa mtu mwingine kuanza kukusaidia. Na ukienda kwa fundi, kabla hujamkabidhi, mwambie kwanza unataka nini kibaki.